Barua ya wazi kwa wachungaji na wazee wa kanisa: Ibada ya Jumapili msituachie waimbishaji peke yetu

Waheshimiwa wachungaji, wazee wa kanisa, mashemasi, na wote mliokabidhiwa mimbari na meza ya Bwana,

Shikamooni, na Bwana Yesu asifiwe.

Jumamosi moja, saa tatu na nusu usiku, simu yangu ililia. Ujumbe ulikuwa wa maneno machache: mwenzangu wa zamu amekauka sauti, kesho nishike mimi sifa na kuabudu. Nikauliza mahubiri yanatoka kitabu gani. Jibu likanijia karibu saa nne: "Mchungaji hajasema. Wewe chagua tu nyimbo nzuri."

Nikachagua. Nawaeleza nilivyochagua, maana leo sina cha kuficha. Nilitaka tatu za haraka na mbili za taratibu. Za haraka nilizipata kwa kufikiria mpiga ngoma anapenda zipi, kwa sababu akinuna yeye tunaumia sote. Za taratibu nilichukua zile ambazo sauti yangu inakaa vizuri. Mpiga kinanda akasema moja haijui, nikaitupa, nikaweka nyingine inayofanana nayo. Dakika kumi zilitosha. Nikalala.

Kesho yake tukapandisha sifa mpaka watu wakavua viatu. Nilipoweka maikrofoni chini, mchungaji akapanda na kufungua Maombolezo sura ya 3: mji umeteketea, mtu anaweka kinywa chake mavumbini. Nilimwona anavyohangaika. Robo ya muda wake aliimaliza akijaribu kuwatoa watu kule nilikowapeleka na kuwaleta kule Neno lilikokuwa. Ibada ilipokwisha hakuna aliyelalamika. Walinishika mkono wakasema, "Leo sifa zilipanda."

Nimeimbisha miaka mingi kiasi cha kuona vijana niliowafundisha gitaa wakiwafundisha watoto wao. Ninachowaandikia ni kimoja. Kupanga ibada ni kazi ya kichungaji, na ninyi mmetuachia sisi kwa sababu tunajua kupiga vyombo. Mahubiri mnayaandaa wiki nzima. Saa moja na nusu inayoyazunguka mnamkabidhi mwenye kipaji, awe ameokoka mwezi uliopita au hajui Habakuki iko upande gani wa Biblia. Mimi mwenyewe nilipewa maikrofoni nikiwa na umri wa miaka 19. Hakuna aliyeniuliza naamini nini. Waliniuliza naweza kufika noti ya juu.

Wazee wa kanisa la kale walikuwa na usemi uliotokana na mwandishi Mkristo Prosper wa Akwitania, katika karne ya 5, kwamba kanuni ya kuomba ndiyo inayoweka kanuni ya kuamini. Maana yake, watu hushika imani kwa yale wanayoyaomba na kuyaimba pamoja mara kwa mara. Mahubiri ya Juma lililopita waulizeni waumini Jumatano: wachache watakumbuka pointi mbili. Pambio tuliloimba mara kumi na mbili wanaliimba wakifua nguo. Sasa kama pambio hilo linasema jambo ambalo ninyi msingethubutu kulisema mimbarini, nani kati yetu amefundisha kanisa wiki hii?

Naomba tukae kidogo kwenye habari ya Daudi na sanduku la Mungu, kwa sababu kila nikiisoma najiona mimi na kikundi changu ndani yake. Katika 1 Mambo ya Nyakati 13, Daudi anaitisha kikao. Wamo maakida wa maelfu na wa mamia, wamo viongozi wote. Ajenda ni njema kabisa: turudishe sanduku la Mungu, tulilisahau siku za Sauli. Kura haina mpinzani, neno lile ni jema machoni pa watu wote. Wanaandaa gari jipya, wanatia ng'ombe, na muziki unapigwa kwa nguvu zote: vinubi, vinanda, matari, matoazi, tarumbeta. Kama kungekuwa na simu za mkononi siku ile, video ingesambaa nchi nzima.

Kisha ng'ombe wanajikwaa, Uza aliyekuwa akiliongoza gari ananyosha mkono kulishika sanduku, Uza anakufa.

Nilipokuwa kijana habari hii ilinitia hofu na hasira. Nilimwonea Uza huruma. Sikuwa nimejiuliza lile gari jipya walilitoa wapi wazo lake. Rudini 1 Samweli 6: waliotangulia kulisafirisha sanduku kwa gari jipya ni Wafilisti. Waliulizana makuhani wao na waganga wao, wakaona gari ndiyo njia, na kwao lilifika salama. Daudi alikuta njia iliyofanya kazi kwa jirani, akaichukua. Na Torati ilikuwepo muda wote ikisema kinyume. Katika Hesabu 7, Musa anagawa magari kwa Walawi: wana wa Gershoni wanapewa, wana wa Merari wanapewa, wana wa Kohathi hawapewi hata moja, kwa kuwa vitu vitakatifu walivichukua mabegani. Magari yalijulikana tangu jangwani. Hayakuwa ya kazi hii.

Sanduku likakaa miezi mitatu nyumbani kwa Obed-edomu. Naamini ndani ya miezi hiyo mitatu kuna mtu aliyefungua kitabu, kwa sababu katika 1 Mambo ya Nyakati 15 Daudi anazungumza lugha nyingine: mara ya kwanza hatukumtafuta Bwana kama ilivyoagizwa. Safari hii Walawi wanabeba kwa miti mabegani, kama Musa alivyoamuru. Na angalieni: muziki umerudi wote. Vinubi vimo, matoazi yamo, Daudi anacheza vilevile. Hata imetajwa kwamba Kenania alisimamia uimbaji kwa kuwa alikuwa mstadi. Mungu hakuwa na ugomvi na ngoma. Kwa hiyo wale wanaotaka kutumia habari hii kutupokonya vyombo, wasome mpaka mwisho. Na wale wanaosema "Mungu anaangalia moyo tu" nao wasome mpaka mwisho. Moyo wa Daudi ulikuwa mzuri sura zote mbili.

Magari mapya tunayo. Mtu ameona kwenye intaneti kanisa kubwa linazima taa na kuwasha moshi, Jumapili ya pili na sisi tumezima taa. Tumeona kiongozi wa sifa akiongea kwa sauti ya kuvunjika kati ya nyimbo, nasi tumejifunza kuvunja sauti. Mimi naweza kulia kwa zamu, ibada ya kwanza na ya pili, mahali palepale pa wimbo. Sijivunii.

Kuna neno moja limeenea ambalo naomba mtusaidie kulipima. Wanasema mwimbishaji mzuri anajua "kushusha uwepo", yaani uwepo wa Mungu. Nimesifiwa hivyo na nikafurahi, Mungu anisamehe. Waraka kwa Waebrania unasema tunao ujasiri wa kuingia patakatifu kwa damu ya Yesu, na sura ya 8 inamwita yeye mhudumu wa patakatifu. Basi kiongozi wa ibada yetu tayari yupo na ameketi mkono wa kuume. Nikisimama mbele kama ndiye ninayefungua mlango, nimechukua kiti ambacho si changu, na waumini wanajifunza kwamba Jumapili kinanda kilipokosa umeme Mungu naye hakuja.

Na umeme ulikatika kweli. Tulikuwa katikati ya wimbo, ubeti wa pili. Taa zikazima, spika zikanyamaza, na ukuta uliokuwa na maneno ukawa ukuta. Nilitegemea mamia ya watu waendelee. Hakuna aliyeendelea. Waliimba maneno matatu hivi, wakatazamana, sauti ikafa. Mimi mwenyewe nilifungua mdomo nikakuta ubeti siujui, naujua ukiwa ukutani. Tukasimama gizani kama watu waliopotea njia, mtoto mmoja akacheka, kisha mzee wa zamu akaokoa jahazi kwa kusoma matangazo. Usiku ule nilihesabu nyimbo nilizofundisha mwaka ule: 41. Hakuna hata moja iliyokuwa imeingia ndani ya watu. Nilikuwa nawalisha vipya kila Jumapili, kwa sababu mimi na wenzangu tulikuwa tumezichoka zile ambazo waumini ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kuzishika.

Hilo la sauti ya waumini lina historia ndefu. Mtaguso wa Laodikia, yaani mkutano wa viongozi wa kanisa, katika karne ya 4, uliweka kanuni kwamba kanisani wasiimbe wengine ila waimbaji waliowekwa rasmi, wanaopanda jukwaani na kuimba kutoka kitabuni. Walikuwa na sababu zao. Nafikiri walichoka na fujo. Hata hivyo kwa karne nyingi baadaye, sehemu kubwa ya uimbaji ikawa mali ya wataalamu na watu wakabaki kusikiliza. Ndiyo maana mwaka 1523 Martin Luther alimwandikia rafiki yake Spalatin akimwomba asaidie kugeuza zaburi kuwa nyimbo katika lugha ya watu wa kawaida, kwa maneno mepesi wanayoyaelewa. Mwaka uliofuata kikatoka kijitabu chenye nyimbo nane tu. Nane! Upande wa Wakatoliki, mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikani nao ukasema waumini washiriki liturujia, yaani utaratibu wa ibada, kikamilifu, kwa ufahamu na kwa matendo. Watu wamepigania sauti ya yule aliyeketi benchi la nyuma, na sisi tunamnyang'anya tena kwa spika.

Mchungaji, jaribu hili siku moja. Wimbo ukiendelea, shuka, tembea mpaka nyuma kabisa, simama, sikiliza. Kama unachosikia ni sisi tu, mwambie fundi mitambo apunguze. Tazama midomo. Wanaume wakinyamaza ubeti unapopanda, ufunguo ni wa juu mno. Umewekwa kwa ajili ya sauti yangu, haukuwekwa kwa ajili yao. Shusheni. Nitakasirika siku moja, halafu nitazoea. John Wesley alipotoa maelekezo yake ya uimbaji mwaka 1761 aliwaambia watu waimbe kwa nguvu, wasiimbe kama waliolala nusu. Papo hapo akaonya mtu asipaze sauti yake ili isikike juu ya wengine. Agizo la pili sisi wenye maikrofoni tulilizika.

Sasa maneno ya nyimbo. Wakolosai 3:16 inasema neno la Kristo likae kwa wingi ndani yetu, "mkifundishana na kuonyana kwa zaburi, na nyimbo, na tenzi za rohoni". Mkifundishana. Mhubiri mgeni hamumpandishi mimbarini bila kumjua. Mnauliza ametoka wapi, anafundisha nini, nani anamjua. Wimbo mgeni unaingia kwa simu ya mpiga besi Ijumaa jioni na Jumapili kanisa zima linauimba. Fanyeni jambo jepesi: maneno yachapwe kwenye karatasi, bila muziki, na mzee mmoja ayasome kwa sauti kikaoni, taratibu, kama anavyosoma Zaburi. Zipo nyimbo ambazo zikivuliwa kinanda mtashangaa hazijamtaja Kristo popote, wala msalaba, wala dhambi. Zinasema nitainuliwa, adui zangu wataaibika, zamu yangu imefika. Nyingine mtakuta zinaweza kuimbiwa mchumba bila kubadilisha neno. Augustino aliungama kwamba kuna nyakati alijikuta anaguswa na sauti kuliko na kile kilichoimbwa, na akaliita hilo kosa. Yeye alikuwa askofu. Sisi vijana wa bendi tutajilindaje wenyewe?

Na kuna nyimbo ambazo hatuna kabisa. Hapa naomba mnivumilie, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mama mmoja wa kanisa letu alizika mwanawe siku ya Alhamisi. Jumapili alikuja. Aliketi benchi la tatu kutoka mbele, upande wa kushoto, kitambaa chake cha kichwani kimefungwa kwa kamba ya mpira kwa sababu nadhani hakuwa na nguvu za kukifunga vizuri. Sikuwa na habari ya msiba. Mimi hupewa orodha ya wazamu, sipewi orodha ya wafiwa. Nikapiga kelele nilizozizoea: "Mgeukie jirani yako, mwambie: huna sababu ya kununa leo!" Binti aliyekaa karibu naye akageuka na tabasamu lake akamwambia. Yule mama akatikisa kichwa kukubali. Akasema, "Ndiyo, mwanangu." Nilimwona midomo. Kisha akainua mikono pamoja na wengine, kwa sababu nilikuwa nimewaambia wote wainue.

Zaburi zaidi ya theluthi moja, kwa hesabu ya wengi wanaozichambua, ni za maombolezo. "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Hicho ni kitabu cha nyimbo cha watu wa Mungu, na Yesu mwenyewe alikufa akiwa na Zaburi ya 22 kinywani. Zaburi ya 88 haimalizi hata na tumaini. Inakwisha gizani, na Roho Mtakatifu aliona inafaa kubaki ilivyo. Mimi katika nyimbo 41 za mwaka ule sikuwa na hata moja ambayo mama yule angeweza kuimba bila kusema uongo. Angekuwa amekuja siku tumesoma Zaburi ya 13 pamoja, mistari sita tu, ingemtosha. Nayo inaishia kwenye kumwimbia Bwana, kwa hiyo hata wapenda furaha wasingekosa chao. Lakini ili nipange hivyo nilihitaji kujua jambo ambalo mchungaji alilijua tangu Jumanne, na hatukuwa tumeonana.

Usomaji wa Maandiko. Jumapili moja sikuwa na zamu, nikakaa na saa na daftari. Matangazo, dakika 26. Nyimbo, 38. Sadaka pamoja na maelezo yake, 17. Neno la Mungu lililosomwa bila mtu kuliongezea chochote: dakika mbili kasoro, mistari minne, na msomaji alikuwa anaitafuta sura huku anasema "tukae mkao wa kula". Sisi tunaojiita watu wa Biblia. Paulo alimwagiza Timotheo: "Hata nitakapokuja, ufanye bidii katika kusoma na kuonya na kufundisha." Kusoma kumetangulia, na si kusoma chumbani, ni kusoma mbele ya kanisa. Mnamo mwaka 155 hivi, Justino Mfiadini alimwandikia Kaizari Antonino Pio kumweleza Wakristo wanafanya nini Jumapili (naye alikuwa anawaandikia wenye mamlaka, kwa hiyo sijaanza mimi). Anasema husomwa kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, ndipo anayesimamia huonya watu wayaige mema hayo, ndipo wote husimama na kuomba, mkate na divai huletwa, watu huitikia Amina, na mashemasi huwapelekea wasiokuwepo. Kisha wenye uwezo hutoa, na kinachokusanywa hutunza yatima, wajane, wagonjwa na waliofungwa. Karibu miaka elfu mbili, na mtu anaweza kuichukua aya ile moja akapanga nayo ibada ya Jumapili ijayo.

Nehemia 8 ndiyo picha ninayoipenda zaidi. Wametengeneza jukwaa la mti kwa kusudi hilo moja, Ezra asomapo aonekane. Kushoto na kulia kwake wamesimama watu 13, na majina yao yote yameandikwa. Anasoma tangu asubuhi hata adhuhuri. Anapofungua kitabu watu wote wanasimama, wanaitikia Amina, Amina, wanainua mikono, wanainama. Walawi nao wanawaeleza maana, hata watu wakaelewa. Sasa linganisheni jukwaa lile na la kwetu, na kile kilichowekwa juu yake.

Siombi nusu siku. Naomba fungu moja la Agano la Kale, Zaburi, na fungu la Agano Jipya, yasomwe Jumapili zote, hata yasipokuwa ya mahubiri. Yapo makanisa yanayofuata kalenda ya masomo ya miaka mitatu; mkitaka ichukueni, msipotaka someni kitabu kimoja sura baada ya sura. Msomaji apewe fungu lake mapema, alisome kwa sauti nyumbani mara tatu, ajue majina magumu yanatamkwaje na mhusika anasema kwa hasira au kwa upole. Mnaweza kuwatumia wale ambao hawana kipaji cha kuimba. Yuko mwalimu mstaafu kwetu; akisoma Isaya unasikia kama barua imefika asubuhi hiyo. Amesoma mara mbili tu kwa miaka yote.

Maombi nayapita haraka, ingawa yanastahili barua yake. Tunawaombea wagonjwa wetu na wasafiri wetu, na ni vema. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, unataka dua, sala, maombezi na shukrani kwa ajili ya watu wote, wafalme na wenye mamlaka wamo. Na ungamo la dhambi limekwenda wapi? Isaya aliposikia maserafi wakiita Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu, kitu cha kwanza kilichomtoka ni "Ole wangu", na kaa la moto lilimgusa midomo kabla hajasema "Mimi hapa, nitume mimi". Sisi tunatoka utakatifu mpaka kutumwa bila kupita kwenye midomo michafu. Sifanyi sura ile iwe sheria ya mpangilio kwa kila kanisa. Nasema tu kwamba kwetu kituo kimoja kinarukwa, na ndicho kile ambacho mwenye dhambi angeshukia.

Meza ya Bwana nayo: isichomekwe mwishoni watu wakitazama saa, mchungaji akisoma Wakorintho kama anasoma masharti ya mkopo. Matangazo: mengi yanaweza kubandikwa.

Najua mtakachojibu, kwa sababu nimejibiwa kabla. Baadhi yenu mtasema tukipanga sana tutamzimisha Roho. 1 Wakorintho 14, sura ambayo Paulo anashughulikia lugha, unabii na mafunuo kwa undani kuliko nyingine yoyote ndiyo inayoishia na "mambo yote na yatendeke kwa uzuri na kwa utaratibu". Roho aliyemjaza Bezaleli alimpa ustadi wa kuchonga na kufuma, kazi za vipimo. Na tuseme ukweli: Jumapili zetu zisizopangwa zinafanana kuliko zile zilizopangwa. Hata mahali pa kulia panajulikana.

Wengine mtasema kwenu hakuna shida, mna kitabu cha liturujia, kila kitu kimo. Nimewahi kuabudu kwenu. Kitabu ni kizuri, maungamo yamo, zaburi zimo, na kiongozi aliyapitia kama anayewahi basi. Nilitamani kumshika joho nimwambie baba, hayo maneno tulia nayo, sisi wengine tunayatafuta.

Basi ombi langu ni dogo kwa kulitazama. Jumanne, saa moja tu, mchungaji, mzee mmoja, mimi na mpiga kinanda. Mchungaji aje na fungu la mahubiri, ikiwezekana ya mwezi mzima. Tulisome pamoja kwanza, kabla ya mtu kutaja wimbo. Tuulize linasema nini juu ya Mungu, linataka tuitikie vipi: kwa kuungama, kwa kushukuru, kwa kulia, kwa kutii. Hapo ndipo tutafute nyimbo. Mzee atuambie nani amefiwa, nani amejifungua, nani hajaonekana. Orodha ya nyimbo za kanisa iwe mikononi mwenu, iwe fupi, na wimbo mpya mmoja kwa mwezi, urudiwe mpaka watoto waujue bila ukuta. Mkinikatalia wimbo niupendao, nielezeni kwa Maandiko, nami nitajifunza. Na mkiona sina sifa ya kushika maikrofoni mpaka nifundishwe zaidi, nikalisheni chini mwaka mmoja mnifundishe. Nitakubali. Kusema kweli nilipaswa kukalishwa mapema.

Jumanne ijayo nitakuwa pale ukumbini saa kumi na moja jioni, na daftari langu na Biblia. Funguo anazo mlinzi. Kinanda sitakiwasha. Nimeshamwomba yule mwalimu mstaafu ajiandae na Zaburi ya 13, na nimempigia mama wa benchi la tatu kumuuliza kama angependa tuisome Jumapili akiwepo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni ipi hiyo, nimsomee.

Wenu katika Bwana,
mwimbishaji wa zamu ya pili